Swali la lugha: Setilaiti zina kundinyota?

SWALI: Tunaandaa kipeperushi cha wakulima wa Hombolo. Mwenzangu ameandika: "Kundinyota la setilaiti zinapiga picha bwawa letu kila baada ya siku tano." Inanikwaza, ila sijui niishike wapi. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ishike kwenye neno la kwanza. Mwenzako ametafsiri "constellation" ya Kiingereza, lakini kundinyota ni la nyota, jina lenyewe limeshasema. Tena nyota hizo hazikupangwa na mtu. Ni macho yetu tu yaliyoziunganisha. Wahenga walisema Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mkulima anayeijua methali hiyo, ukimwandikia "kundinyota" atangoja usiku aangalie juu.

Setilaiti hupangwa kwa kazi, kwa hiyo uliza kwanza kazi inafanywaje. Hizo za siku tano bila shaka ni Sentinel-2 za Ulaya. Mbili ziko kwenye njia moja, kila moja upande wake wa dunia. Ingekuwa moja, ingerudi juu ya Hombolo baada ya siku kumi. Kiswahili hakihitaji jina jipya hapo, kitenzi kinatosha: zinapokezana. Setilaiti za Marekani, Landsat 8 na 9, ni vivyo hivyo, siku 16 kila moja, siku nane zikiwa pamoja.

"Msafara" ningeuweka kwa A-Train ya NASA: setilaiti za Aqua, Aura, CloudSat na wenzao, zilizokuwa zikifuatana kwa dakika chache na kuvuka ikweta kwenye saa saba na nusu mchana, wingu lilelile likipimwa na vyombo kadhaa kabla halijageuka. Setilaiti mbili za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, ningeziita pacha. Zilifukuzana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, na umbali huo ulipobadilika kidogo tu kwa mvutano wa dunia, wataalamu walijua maji ya ardhini yameongezeka au yamepungua. Kwa mji wa Dodoma, unaokunywa maji ya visima vya Makutupora, hilo lingefaa kipeperushi cha pili.

Halafu upatanisho. Kundi *linapiga*, setilaiti *zinapiga*. Mchungaji wa Bahi anaweza kusema "kundi la ng'ombe wamevuka" na hakuna atakayemkemea, lakini kwenye maandishi chagua mmoja wa kutawala sentensi.

Mimi ningeandika: "Setilaiti mbili zinapokezana kupiga picha bwawa letu, kila baada ya siku tano moja hupita." Na uongeze "mawingu yasipotanda", maana kamera zao haziyapenyi.