Saa inahesabu moyo au miguu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 52, naishi Mwanga, Kigoma Mjini. Daktari alinishauri nifanye mazoezi kwa sababu ya presha, basi alfajiri mimi na jirani yangu tunakwenda mchakamchaka barabara ya Ujiji. Mwanangu kaninunulia saa inayopima mapigo ya moyo. Tukikimbia taratibu, huku tunapiga soga, inaniandikia 165. Nimeogopa. Nipunguze mbio, au ninunue saa ya bei kubwa?

JIBU: Marahaba, mama. Mimi nashikilia hapo kwenye soga. Ukichukua 220 ukatoa umri wako, kikomo cha moyo wako ni kama 168. Hayo ni makadirio tu, watu wa rika moja hupishana hata kwa mapigo kumi na zaidi. Lakini kwa wengi wa umri wako, anayefika 165 anahema. Habari za majirani hazisimuliki.

Nashuku saa yako inahesabu miguu. Geuza mgongo wake utaona vitaa vya kijani. Vinamulika ngozi, na saa inasoma mwanga unaorudi kadiri damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo. Mkono ukirushwa na saa ikiwa imelegea, mwanga unatikisika kwa kila hatua, na saa inashika mdundo wa hatua badala ya wa moyo. Mchakamchaka ni hatua 150 hadi 170 hivi kwa dakika. Linganisha na hiyo 165 yako.

Kesho, saa ikiandika hivyo, simama papo hapo. Weka vidole viwili shingoni, pembeni ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Vidole vikikupa 120 na kitu, kosa ni la saa. Vikikupa 165 kweli, au mapigo yanarukaruka, au kifua kinabana, au unasikia kizunguzungu, acha mazoezi uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya kutoa pesa, ipandishe saa vidole viwili juu ya kifundo na uikaze isicheze. Mara nyingi hilo linatosha. (Vijana huivisha saa ndizi, na ikionyesha mapigo wanasema ni feki. Hata saa nzuri hudanganyika hivyo. Ndizi kuleni tu.)

Ikiendelea kukuchanganya, usinunue saa nyingine, nunua mkanda wa kifuani. Huo haumuliki kitu; unanasa umeme mdogo ambao moyo wenyewe unautoa kila unapopiga, kwa hiyo mikono hata ikirushwa vipi haiuharibii hesabu. Si kitu kipya: kampuni ya Polar ya Ufini ilitoa kipimo kisicho na waya mwaka 1982. Lowesha sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuvaa, la sivyo dakika za mwanzo namba zitaruka mpaka jasho litoke, ingawa kwa joto la Kigoma hutasubiri sana. Kinamama niliowafundisha huuvaa chini kidogo ya ukingo wa sidiria. Ukirudi, usuuze, chumvi ya jasho inaumaliza upesi. Muulize muuzaji mambo mawili: unaunga na simu yako kwa Bluetooth? Na betri yake ni ile bapa ya rimoti ya gari, unayoweza kubadilisha mwenyewe?

Hukuniambia unatumia dawa gani ya presha. Kama ni atenolol au propranolol, dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio, na ile hesabu ya 220 haikuhusu. Muulize daktari akupe kiwango chako. Mpaka hapo soga ndiyo kipimo chako: mnaongea bila kukatika pumzi, endeleeni.

SWALI: Mwalimu, mimi naogelea ziwani upande wa Kibirizi. Mkanda utafanya kazi majini?

JIBU: Utapima, ila mawimbi ya Bluetooth hayapiti majini, na simu yako itakuwa ufukweni. Tafuta mkanda wenye kumbukumbu yake ndani, unaotuma hesabu ukishatoka majini. Halafu ukaze kuliko wa mkimbiaji, maana maji huusukuma ukashuka tumboni. Na usiogelee peke yako.