Dhahabu mbili za Robert Weale

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipokuwa tukijadiliana kuhusu wanamichezo waliodumu muda mrefu, mwenzangu alimtaja Robert Weale wa Wales, akadai kwamba alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola akiwa kijana na akaishinda tena akikaribia miaka 50. Je, ni kweli? Ni mchezo gani huo?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amesema kweli. Weale, aliyezaliwa mwaka 1963 na anayetoka Presteigne, mji mdogo wa jimbo la Powys ulio mpakani kabisa na England, ni mchezaji wa bolingi ya nyasi. Alikuwamo katika kikosi cha watu wanne cha Wales kilichotwaa dhahabu mjini Edinburgh mwaka 1986. Mwaka 2010 mjini Delhi, akiwa na miaka 47, alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja baada ya kumshinda Leif Selby wa Australia katika fainali. Wales iliondoka Delhi na dhahabu mbili tu, na ya pili ilikuwa ya Dai Greene katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi.

Kwa kuwa nchi 32 ziliisusia michezo ya Edinburgh kwa sababu ya msimamo wa serikali ya Uingereza kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, huenda mtu akaiona dhahabu ile kuwa nyepesi. Sikubaliani naye hata kidogo, maana Uskoti, England, Australia na New Zealand, ambazo ni vigogo wa mchezo huu, zote zilishiriki.

Mchezaji husimama kwenye mkeka mdogo, akainama na kuliviringisha tufe lenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, akikilenga kijipira kilicho umbali wa mita 23 au zaidi. Tufe hilo halikuundwa kuwa duara kamili, hivyo kadiri mwendo wake unavyopungua ndivyo linavyozidi kupinda, na mchezaji hulazimika kulenga pembeni huku akikadiria kasi ya nyasi, ambayo hubadilika kwa unyevu na kwa jua. Macho na mkono uliozoea makadirio hayo hauchakai upesi kama miguu ya mkimbiaji.

Hata hivyo, kwangu mimi dhahabu ya Delhi ndiyo kubwa zaidi. Katika kikosi cha wanne kila mtu hutupa matufe mawili, na kosa la mmoja huweza kusahihishwa na anayemfuata. Anayecheza peke yake hutupa yote manne mwenyewe. Isitoshe, bolingi ya nyasi haimo katika Olimpiki, kwa hiyo jukwaa lake kuu ni michezo hii ya Madola, ambako imechezwa tangu 1930 isipokuwa mwaka 1966, na ambayo hurudi kila baada ya miaka 4. Kati ya Edinburgh na Delhi ilikuwa imefanyika mara tano.