Usimshushe stelingi wako umri

Msomaji mmoja ameniandikia: prodyuza kasoma skripti yake ya kisasi, kaipenda, ila anataka stelingi ashushwe umri kutoka miaka 58 hadi 28. Anauliza afanyeje. Mdogo wangu, usimshushe hata mwaka mmoja.

Nami niliwahi kukalishwa kwenye kiti hicho. "Nani atatoa hela yake kumtazama babu akipigana?" niliulizwa, na aliyeuliza alikuwa hajafika hata ukurasa wa tatu. Maneno yale yananichoma mpaka leo. Skripti ile imepata mnunuzi mwezi uliopita, na stelingi ni yule yule, mvi zake zote kichwani. Kwa hiyo leo naongea kwa kifua.

Kijana akiuliwa mpenzi wake, mtazamaji anajua bado ana umri wa kupenda tena. Mzee alichopoteza hakirudi. Kisasi kinapata uzito hapo, bunduki hata haijatoka. Itafute The Limey ya 1999. Terence Stamp, aliyezaliwa 1938, ni Mwingereza aliyetoka jela akaenda Los Angeles kutafuta ukweli wa kifo cha binti yake. Muongozaji Steven Soderbergh alipotaka kuonyesha ujana wa mtu huyo, alichukua vipande vya Poor Cow, filamu ya 1967 aliyocheza Stamp mwenyewe. Unaiona sura laini, halafu unaiona hiyo hiyo na makunyanzi yake. Ukurasa mzima wa maelezo usingeifikia.

Kwa hiyo kata maelezo. Hilo ndilo ninalowaambia kila mara wanaonitumia skripti, na nitaendelea kulisema: kata maelezo. Katika The Equalizer ya 2014, Denzel Washington, akikaribia miaka 60, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usiku hapati usingizi, anakwenda mgahawani na kitabu chake, na majani ya chai anakuja nayo mwenyewe, yamekunjwa vizuri ndani ya kitambaa cha karatasi. Anapanga meza yake kwa utaratibu. Hajampiga mtu, lakini tayari unajua huyu ana jambo. Unadhifu ule ndio silaha yake ya kwanza, na wengi wetu tunaukosa kwa sababu tunakimbilia ngumi.

Na mwache adui aogope kabla yako. John Wick ilitoka 2014, mwaka ambao Keanu Reeves alitimiza miaka 50. Bosi wa wahuni anapiga simu kuuliza kwa nini mwanawe kapigwa. Anajibiwa kwamba kijana kaiba gari la John Wick na kumuua mbwa wake. Bosi anaguna tu, basi. Kibanda umiza kizima kinanyamaza hapo.

Sasa rudi kwenye skripti yako. Mpe mzee wako kitu kimoja alichobakiwa nacho, mvalishe vizuri, mpunguzie maneno. Usimkimbize juu ya mapaa. Halafu katafute mwigizaji kwenye michezo ya redio na majukwaani, maana wapo wazee wenye sauti na mwendo wa kutisha ambao filamu zetu huwaita tu kuja kupokea mahari. Prodyuza akiendelea kudai 28, chukua skripti yako upeleke kwingine.