Sehemu ya Pili Inapokuja Kulipa Deni

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo imewahi kutokea sehemu ya pili ikaipita ya kwanza. Jibu langu ni ndiyo, ingawa ni kwa nadra sana, na mfano ninaoushikilia haukuonyeshwa kwenye majumba ya sinema bali kwenye televisheni ya Uingereza. Ni Smiley's People ya mwaka 1982, iliyofuata Tinker Tailor Soldier Spy ya mwaka 1979. Zote mbili zilitengenezwa na BBC kutokana na riwaya za John le Carré, na katika zote mbili Alec Guinness ndiye George Smiley, jasusi mzee aliyeondolewa kazini na kisha kurudishwa kimyakimya kwa sababu hakuna mwingine wa kuaminiwa.

Najua wengi watataja The Godfather Part II ya mwaka 1974, na sitawapinga. Ilikuwa filamu ya kwanza ya mwendelezo kupata Tuzo ya Oscar ya filamu bora, na Robert De Niro alipata yake kwa kuigiza ujana wa mhusika yuleyule aliyempatia Marlon Brando tuzo kwa filamu ya kwanza, The Godfather ya 1972. Lakini filamu ile ya kwanza ilikuwa imejitosheleza. Mlango ulipofungwa mbele ya uso wa mke wa Michael, mwana aliyerithi uongozi wa familia ya wahalifu, kisa kilikuwa kimekwisha. Mimi napenda zaidi mwendelezo unaokuja kwa sababu sehemu ya kwanza iliacha deni.

Deni lenyewe katika hadithi ya Smiley ni kiberiti cha gesi. Katika sehemu ya kwanza anasimulia jinsi alivyokutana zamani, katika jela moja mjini Delhi, na jasusi Mrusi aitwaye Karla, akajaribu kumshawishi asirudi Moscow. Smiley anasema, anabembeleza, anataja habari za wake na ndoa, na bila kutambua anaanika udhaifu wake mwenyewe, huku Karla akimtazama tu. Mrusi yule anaondoka na kiberiti ambacho Smiley alipewa na mkewe, Ann. Karla anaigizwa na Patrick Stewart, mtu mwenye sauti ya kutikisa ukumbi, na katika sehemu zote mbili hatamki neno hata moja.

Hapa ndipo ninapouona uigizaji wa Uingereza katika kilele chake. Kiswahili kina kitenzi kinachoueleza vizuri: kumezea, yaani kuyaweka moyoni bila kuyasema. Waigizaji hawa walikulia jukwaani, ambako sauti sharti imfikie aliyekaa safu ya mwisho, lakini walio bora kati yao walipofika mbele ya kamera waliweza kupunguza kila kitu bila kupoteza chochote. Mtazame Celia Johnson katika Brief Encounter ya mwaka 1945, ndani ya behewa la treni, akiwa ameketi na rafiki asiyeacha kupiga domo, ilhali moyo wake umevunjika dakika chache tu zilizopita. Halii. Macho yake makubwa ndiyo yanayofanya kazi yote, na adabu inamlazimisha aendelee kusikiliza. Guinness naye, akiwa na umri wa miaka 65 alipoonekana mara ya kwanza kama Smiley, anafanya jambo gumu zaidi: anatufanya tumtazame mtu anayesikiliza. Mwenzake anasema uongo, na uso wa Smiley haubadiliki, lakini mtazamaji anajua kwamba uongo umesikika na umewekwa akibani.

Mwendelezo usioelewa nguvu ya kujizuia huiua hata kazi nzuri. Anthony Hopkins, Mwelshi aliyekomaa jukwaani, alimfanya Hannibal Lecter, muuaji mla watu, awe wa kutisha katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991 kwa kusimama tu wima katikati ya chumba chake cha gereza, akisubiri. Hayuko mbele yetu kwa muda mrefu hata kidogo, na bado ilikuwa Oscar ya mwigizaji bora. Mwaka 2001, katika Hannibal, akatolewa nje, akapewa mitaa ya Florence, akapewa nafasi tele ya kufanya kile ambacho awali tulikiogopa zaidi ya tulivyokiona. Hofu ilipungua kila alipoongezewa nafasi, na kosa hilo siwezi kumwekea Hopkins.

Smiley's People inakwenda kinyume kabisa. Inapokaribia mwisho, Smiley amesimama gizani Berlin karibu na daraja, akimngoja Karla, adui wa maisha yake, avuke kutoka Berlin Mashariki kuja Magharibi. Amempata kwa kutumia mapenzi ya baba kwa binti yake mgonjwa, yaani kwa ukatili uleule aliokuwa akiulaani kwa Karla. Karla anavuka, wawili hawa wanatazamana, na kiberiti cha Ann kinaanguka chini. Mwenzake anamwambia Smiley kwamba ameshinda, naye anajibu kama mtu aliyeulizwa jambo asilokuwa na hakika nalo. Kisha anaondoka, na kiberiti hakiokoti.