Jina Kwenye Pembe ya Mchoro: Barua kwa Mwanangu

Lubumbashi

Binti yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na sisi sote hapa Katuba hatujambo. Umeniandikia kwamba mwalimu wenu wa kemia huko Bukavu, alipofundisha habari za Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, alimtaja mkewe kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa akimsaidia mumewe, nawe unataka kujua kama Marie-Anne Lavoisier alikuwa mwanakemia au karani wa nyumbani. Naelewa pia kwa nini swali hilo limekuja mwaka huu, wakati posa yako imeletwa na kijana ambaye ni mtafiti kama wewe, lakini acha nianze na yule mama.

Alizaliwa mwaka 1758 huko Montbrison, Ufaransa, kwa jina la ukoo la Paulze. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na masista. Alipokuwa na miaka 13 alitakwa na bwana mmoja mwenye cheo, mtu aliyekaribia miaka 50, naye akakataa kabisa. Baba yake, aliyekuwa katika shirika lililokusanya kodi kwa niaba ya mfalme, aliogopa hasira ya wakubwa waliomtetea mzee huyo, akaona njia ya kumwokoa mtoto ni kumwoza haraka kwa mwenzake wa kazi, Antoine Lavoisier, mwenye miaka 28. Ndoa ilifungwa Desemba 1771. Watu husimulia jambo hili kama bahati njema. Mimi nikilisoma namwona mtoto aliyetolewa mkononi mwa huyu akatiwa mkononi mwa yule, ingawa huyu wa pili alikuwa na maabara.

Na maabara hiyo ndiyo jibu lako. Walipohamia Arsenal ya Paris, ambako mumewe alisimamia utengenezaji wa baruti, kazi ya kemia ilifanywa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na tena jioni kuanzia saa moja hadi saa nne, na siku moja nzima kila wiki. Marie-Anne alikuwapo, kalamu mkononi, na mwandiko wake umo katika madaftari ya majaribio.

Wakati ule wanakemia wengi waliamini kwamba kitu kinapoungua hutoa kitu walichokiita flojistoni. Sisi watu wa Katanga tungewauliza swali moja tu: shaba ikichomwa hewani hugeuka nyeusi na uzito wake huongezeka, sasa kama kuna kilichotoka, uzito huo wa ziada umetoka wapi? Lavoisier alilijibu kwa mizani, akaonyesha kwamba metali huchukua sehemu ya hewa, ile aliyoiita oksijeni. Lakini wapinzani wake wengi waliandika kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye hakuimudu. Mkewe ndiye aliyejifunza Kiingereza, akatafsiri kitabu cha Richard Kirwan wa Ireland kilichotetea flojistoni, kikachapishwa Paris mwaka 1788 pamoja na majibu ya wanakemia wa Ufaransa. Miaka michache baadaye Kirwan mwenyewe aliiacha flojistoni. Ukifungua ukurasa wa kwanza wa tafsiri hiyo utakuta jina la Kirwan na majina ya wanaume walioandika majibu. La mfasiri halimo.

Mwaka uliofuata mumewe alitoa kitabu chake kikuu cha kemia, chenye kurasa 13 za michoro ya vyombo. Michoro hiyo ni ya Marie-Anne, aliyekuwa amefundishwa kuchora na mchoraji Jacques-Louis David, na hapo aliandika jina lake: Paulze Lavoisier. Mimi niliyepima sampuli za mawe ya shaba kwa miaka mingi nakuambia kwamba mchoro wa chombo si pambo la kitabu. Bila huo, mtu wa mji mwingine hawezi kukiunda chombo wala kulirudia jaribio, na jaribio lisiloweza kurudiwa hubaki maneno ya mtu mmoja.

Tarehe 8 Mei 1794, katika Mapinduzi ya Ufaransa, mume na baba wa Marie-Anne walikatwa vichwa siku moja. Yeye naye alifungwa kwa muda, mali ikachukuliwa, vyombo vya maabara vikiwamo. Alipotoka alipigania kurudishiwa, kisha akakusanya na kusambaza maandishi ya mwisho ya marehemu. Mwaka 1805 aliolewa na mwanafizikia Rumford, ndoa iliyoisha mwaka 1809 baada ya ugomvi mwingi. Siku moja Rumford aliwafungia lango wageni wa mkewe, na mkewe akamwagia maua ya mume maji ya moto. (Usicheke sana.) Hata katika ndoa hiyo hakukubali kuliacha jina la Lavoisier.

Kwa hiyo, mwanangu, naona alikuwa mwanakemia, na kilichomfanya aonekane karani ni ile kazi iliyotoka bila jina. Nalijua hilo kwa mwili wangu. Tasnifu ya baba yako niliipiga taipu mimi, usiku, na majedwali yote ya vipimo niliyahesabu upya kwa sababu mawili yalikuwa na makosa. Baba yako alinishukuru mezani, mbele ya wageni. Ndani ya tasnifu simo, na mimi sikuomba kuwamo.

Kijana wako anaonekana mtu mwema, na baba yako ameridhika naye. Ila wakati wa Pasaka alituonyesha makala yake, nikaitambua michoro ya ile tanuru kuwa ni ya mkono wako. Nilivaa miwani, nikatafuta kwenye pembe za chini, kisha kwenye ukurasa wa shukrani. Niandikie kama makala hayo yameshapelekwa kuchapishwa, au bado yako mezani kwenu.

Mama yako