Shefu alipoanza kunuka kasiksi

Shangazi yangu ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa ametoka Bagira kuja kutusalimia. Shefu, kasuku wangu wa kijivu, akamrukia begani kama anavyomfanyia kila mgeni, na kabla chai haijafika shangazi akageuza shingo, akakunja pua.

"Mwana yangu, hii kasuku yako iko inanuka kasiksi. Ni nani anaipatia pombe?"

Tukacheka sote. Bukavu hapa hakuna asiyeijua harufu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi: utamu wa mbali, kisha uchachu unaokaa puani. Nikamwambia ni ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Shefu naye akaiga kicheko chake, maneno yakaishia hapo. Wiki moja baadaye ndege huyo, ambaye naishi naye tangu 2011, alikuwa amejikunja kwenye kijiti chake, manyoya yamevimba, na hata mlio wa pikipiki anaoupenda kuuiga kila asubuhi umekatika.

Kiswahili chetu kina kunuka na kina kunukia. Kasuku mwenye afya hayuko huku wala kule. Ana harufu yake tu. Ukizika pua kwenye kisogo cha kasuku wa kijivu aliye mzima utapata kitu kama gunia la unga wa muhogo lililoanikwa juani: vumbi kavu, la joto, safi. Na ni vumbi kweli. Ndege hawa wana manyoya laini ya chini ambayo ncha zake hukatika-katika kuwa unga mweupe, nao hujipaka unga huo mwili mzima wanapojichambua. Ndio unaobaki kwenye koti lako jeusi unapotaka kwenda kanisani. Juu ya mkia wana pia tezi ndogo ya mafuta, huchota humo kwa mdomo na kupaka manyoya. Unga, mafuta ya tezi na ngozi yenyewe ndivyo vinavyotengeneza harufu ya ndege wako, na kila mmoja ana yake. Wangu ana kaharufu ka mbao iliyotoka kurandwa. Wa jirani yangu wa Nyawera hana.

Ukisoma mahali kwamba kasuku hunukia utamu mzito kama asali, usishtuke kwamba wako hana. Wanaosemwa hapo mara nyingi ni kasuku wa kijani wa Amerika ya Kusini, ambao tezi hiyo ya mkiani hata hawana. Ndege wengine, harufu nyingine. Mpime wako kwa yeye mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana lilianza mapema kuliko shangazi.

Ilikuwa Novemba, mvua kila alasiri, madirisha yamefungwa na mbabula, jiko letu la makaa, imewekwa karibu na mlango wa sebule. Shefu akaanza kupiga chafya. Leo najua ulikuwa moshi wa makaa, pamoja na javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, niliyokuwa nikiimwaga bila kipimo kuoshea tundu lake. Wakati ule nilidhani ni mafua. Nikachukua tetra, yaani antibiotiki ya tetrasaiklini, iliyobaki baada ya kutibu kuku, nikakoroga kwenye maji yake ya kunywa, kwa macho, siku kumi hivi. Chafya zikapungua kidogo, nikajisifu. Nilichokuwa nimefanya ni kuua vijidudu vizuri vinavyolinda utumbo na koo la ndege, na kuiachia nafasi hamira. Si mfano wa maneno: fangasi aina ya hamira wamo kidogo katika mwili wa kasuku siku zote, na walinzi wao wakifa huongezeka, wakachachusha chakula ndani ya kile kifuko cha kooni ambamo ndege huhifadhi anachokula. Ndiyo maana shangazi alisikia kasiksi. Pombe ilikuwa inapikwa kweli, ila kiwanda kilikuwa kooni mwa Shefu.

Na mimi, badala ya kuuliza harufu inatoka wapi, nikaifukuza. Javeli zaidi, udi jioni, hata manukato niliyopuliza kwenye pazia. Nikifikiria hilo naona aibu. Mapafu ya ndege si kama yetu. Hewa hupita humo kuelekea upande mmoja, ikisaidiwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na chochote kilicho hewani humwingia haraka kuliko kinavyotuingia sisi. Nilikuwa nafunika habari na huku namtesa mtoa habari.

Siku nilipomfungua mdomo kwa taa ya simu niliona utando mweupe kando ya ulimi, kama mabaki ya maziwa yaliyoganda. Nikampandisha kwenye mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga: gramu 390. Mwezi wa Julai alikuwa 430. Gramu 40 mtu atasema si kitu, lakini ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Jaribu kujiondolea wewe kilo saba kwa wiki chache uone kama utasimama.

Daktari wa kwanza wa wanyama niliyempelekea aliangalia kwa mbali, akaniambia nimpe tena antibiotiki, na ya nguvu zaidi. Simlaumu sana, siku nzima anatibu mbuzi na ng'ombe. Wa pili alimnusa. Nilimpenda papo hapo. Akachota ute wa kooni kwa pamba, akaupeleka chini ya hadubini, akarudi na kusema ni fangasi, na tetra ikome leo. Alimpa nistatini, dawa ileile ya maji wanayopewa watoto wachanga wenye utando mdomoni, kipimo kikifuata uzito wake. Sitakiandika hapa kipimo hicho, kwa sababu najua kuna atakayekichukua na kumpa ndege mwenye ugonjwa mwingine, kama nilivyofanya mimi na tetra. Baada ya wiki mbili Shefu alirudi kunuka unga wa muhogo. Mlio wa pikipiki ulichukua muda zaidi.

Tangu hapo namnusa kila asubuhi. Wanangu wananicheka, lakini ni dakika moja tu. Nafanya hivyo kabla mbabula haijawashwa na kabla sijajipaka mafuta, maana pua iliyojaa moshi au losheni haisikii kitu. Naanza na kisogo, kisha chini ya bawa, kisha nangoja apige mwayo nisikie pumzi yake. Pumzi ya kasuku mzima karibu haina harufu. Ikichachuka, fikiria hamira. Ikinuka uozo, angalia mdomoni kama kuna uvimbe au usaha, na usingoje Jumatatu.

Halafu karatasi ya chini ya tundu. Mimi naweka kurasa za madaftari ya zamani ya watoto na nazibadilisha kila siku. Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu zinazoonekana: choo chenyewe cha kijani au kahawia, mkojo mweupe kama chokaa, na maji safi. Kikiwa kibichi hakinuki karibu chochote. Ukifika asubuhi ukakuta kinakupiga pua, na chakula hukukibadilisha, hiyo ni sababu tosha ya kumwita daktari. Kinyesi kilichoganda kwenye manyoya ya nyuma nacho kitamfanya ndege mzima anuke, na wengine humwogesha tu wakaona wamemaliza kazi. Jiulize kwanza kwa nini kimeganda.

Harufu ikipotea pia ni habari, na hili sikulisoma popote kabla ya kuliona kwa kasuku wa jirani. Ndege wake alikuwa hanuki kitu kabisa, mkono ukimpapasa unatoka safi, na mdomo wake unang'aa mweusi kama kiatu kilichopigwa rangi. Jirani alifurahi, akidhani ni usafi. Mdomo wa kasuku wa kijivu mwenye afya huwa na vumbi, umefifia kidogo. Unga ukikatika, mdomo hung'aa. Kuna ugonjwa mbaya wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo ambao huweza kuanza hivyo. Yeye alienda kupimisha mapema, na nitamwachia mwenyewe habari ya majibu.

Ila usikimbie kila harufu. Ndege aliyeoga hunuka vumbi lililoloa, kama barabara ya Kadutu mvua inapoanza, na akikauka imeisha. Wakati wa kubadilisha manyoya unga huzidi. Na kama jana ulikaanga vitunguu, leo ananuka vitunguu, hana kosa.

Kinachobadilisha harufu polepole, bila ya mtu kustuka, ni chakula. Kwa miaka mingi Shefu aliishi kwa alizeti na karanga, kwa sababu ndivyo nilivyoona kwa wengine. Mbegu hizo zina mafuta mengi na vitamini A haba. Vitamini hiyo ikipungua, ngozi laini ya mdomoni, ya puani na ya ile tezi ya mkiani hukakamaa na kuziba, na vijidudu hupata mlango. Tezi huvimba, manyoya huwa makavu, pumzi huharibika. Daktari yule wa pili alisema hamira yetu isingeshika kwa nguvu hivyo kama ndege angekuwa analishwa vizuri. Na dawa ya hilo iko sokoni Kadutu kwa bei ya kawaida: karoti, papai lililoiva, boga, viazi vitamu vya njano vilivyochemshwa, lengalenga (mchicha), pilipili. Ndiyo, pilipili, ndege hasikii ukali wake, na Shefu huila nyekundu nzima akinitazama machoni. Zaidi ya yote, ngazi, yaani matunda ya mchikichi. Porini kasuku hawa hula matunda hayo, na rangi ile nyekundu ya mawese ndiyo inayogeuka vitamini mwilini. Ukimpa ngazi moja utaona anavyoichuna kwa mguu mmoja, amelifumba jicho nusu, mdomo wote umekuwa wa machungwa.

Avoka (parachichi) usimpe, hata kipande. Najua huku kwetu zinaanguka zenyewe mitini, lakini kwa kasuku ni sumu. Karanga nazo zinuse kabla hujampa: msimu wa mvua huvunda ndani ya gunia, na ukungu wake humwingia ndege mapafuni. Zikinuka ghala lililofungwa, tupa. Usimpe hata kuku.

Kwako wewe mnusaji: usibusu mdomo wa ndege, na ukimnusa aliyeugua nawa. Kuna homa ya mapafu inayotoka kwa kasuku kuja kwa watu kupitia vumbi la kinyesi kikavu, na hiyo pua haiwezi kuigundua. Ukipata homa na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari wako kwamba unafuga kasuku, maana yeye hatakuuliza.

Wengi wananiuliza pia nimempata wapi, wakitaka wao. Mjomba alimleta kutoka Shabunda, enzi ambazo sikujua kuuliza. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa sababu misitu inamalizwa ndege. Kwa hiyo sina anwani ya kumpa mtu. Niliye naye namtunza, na anaweza kuishi miaka mingi kuliko nguvu zangu.

Juzi asubuhi nilimnusa, nikarudi nyuma. Samaki! Moyo ulinipiga. Nikafungua mdomo kwa taa: ulimi safi, hakuna utando. Karatasi ya chini: kinyesi cha kawaida. Mzani: 428. Nikakaa nikimtazama, naye ananitazama. Kisha nikainua bakuli lake la maji, nikakuta chini yake vichwa vitatu vya sambaza, wale samaki wadogo, vilivyopangwa vizuri, na mwanangu mdogo ghafla akakumbuka kwamba ana kazi ya shule.