Na Bahari Je, Hamuipimi?

Mzee alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akitengeneza wavu wake, nasi tumesimama mbele yake na makaratasi yetu. Wanafunzi 12, mimi mwalimu wao, na mchoro mpya wa mtaro wa maji ya mvua. Mtaro wa kwanza, ule tuliouchimba pamoja na wakazi miezi michache nyuma, ulifurika mwezi wa Mei na kumwaga uchafu ndani ya nyumba zilezile tulizokusudia kuziokoa. Sasa tulikuwa tumekuja na mtaro mpana zaidi. Mzee aliutazama mchoro kwa adabu, akaturudishia, akasema: "Nyinyi mwapima mvua, wanangu. Na bahari je, hamuipimi?"

Nafundisha usanifu katika chuo kimoja hapa Mombasa. Huu ni mwaka wa 7 naongoza darasa linalowaweka pamoja wanafunzi wa ujenzi, afya ya jamii, biashara na sanaa, na kazi yao ni tatizo moja la mtaa mmoja, muhula mzima. Walimu wenzangu huniuliza darasa la namna hii huanzishwaje. Kila mara nawaanzia na aibu ile ya mwaka wa kwanza, kwa sababu karibu yote ninayoyajua yametoka humo.

Mtaa wenyewe uko kando ya hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Nyumba za udongo na mabati zimeshuka hadi kwenye mikoko, na masika ikifika vyoo vya shimo hujaa, maji yakachanganyika, watoto wakaanza kuharisha. Niliamini kwamba nikiziketisha idara nne kwenye meza moja, jawabu litajitokeza lenyewe. Halikujitokeza. Wa ujenzi walipiga hesabu ya mteremko. Wa afya waliandika mabango ya kunawa mikono. Wa biashara walitengeneza bajeti. Wa sanaa walikaa wakisubiri waambiwe ni ukuta upi wa kupaka rangi. Tulikuwa madarasa manne yaliyopanga chumba kimoja.

Swali la mzee lilitufungua macho kuhusu jambo ambalo kila mvuvi wa pwani analijua na sisi tuliokulia pembeni mwa bahari tulikuwa tumeliacha nyumbani. Bahari hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni kama mita 1 tu. Mdomo wa mtaro wetu ulikuwa mahali pazuri kabisa siku za maji mafu. Ikija bamvua, bahari ilikuwa juu ya mdomo huo, na mvua ikinyesha saa hizo, maji ya mtaro hayana pa kwenda ila kurudi yalikotoka.

Kwa nini hatukuliona? Hili ndilo ninalotaka mwalimu mwenzangu alishike. Siku za bamvua hapa Mombasa, maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mwendo wa saa nne. Kipindi chetu kilikuwa Jumanne, saa tatu hadi saa sita. Kwa hiyo kila tulipofika mtaani, ama bahari ilikuwa imekimbia mbali, ama imejaa kidogo tu kwa maji mafu. Ratiba ya chuo ndiyo iliyotuficha bahari. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa mvivu, hakuna hesabu iliyokosewa. Tuliutazama mtaa kwa saa za ofisi, na mtaa ule haufuriki saa za ofisi.

Basi ushauri wangu wa kwanza: kabla hujagawa kazi kwa idara, gawa saa. Mmoja aende alfajiri, mwingine magharibi, mwingine usiku akiwa na mwenyeji wake. Tulipofanya hivyo tulikutana na mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi. Huamka saa tisa usiku kukanda unga. Jiko lake hulipandisha juu ya matofali siku anazojua maji yatakuja, na alikumbuka kila mwaka alipandisha matofali mangapi: mwaka huu mawili, mwaka ule manne, mwaka alipojifungua kitinda mimba matano. Mwanafunzi wa afya alikuwa amekwenda kumuuliza kuhusu kuharisha. Alirudi mbio kumwita mwenzake wa ujenzi. Wakalipima tofali moja kimo chake, wakaketi chini na mama, na kufikia adhuhuri tulikuwa na kumbukumbu ya mafuriko ya miaka mingi ambayo hatukuipata kwenye faili yoyote. Hapo ndipo darasa langu lilipoanza kweli, wiki ya tisa.

Kuna jambo dogo la maneno ambalo lilitusumbua sana, nami nashauri lishughulikiwe siku ya kwanza. Mtu yuleyule mmoja, yule mama wa mahamri, kwa wanafunzi wa afya alikuwa "mgonjwa", kwa wa biashara "mteja", kwa wa ujenzi "mtumiaji". Kila jina lilikuja na mwendo wake. Mgonjwa huelekezwa, mteja hushawishiwa, mtumiaji hukabidhiwa kitu kikiwa tayari. Niliwataka wote wamwite kwa jina ambalo majirani wanamwita, mama fulani, basi. Usidhani hili ni jambo la adabu peke yake. Mwanafunzi aliyezoea kusema "mtumiaji" hakuwahi kujiuliza kwa nini mama yule hapiti njia ya mkato jioni. Alipomwita mama, alimuuliza. Na jibu lake (pale wanakaa vijana, na binti zake wanaogopa) lilihamisha njia ya mtaro mzima.

Kugombana kwa fani nako kusikuogopeshe. Ugomvi mkubwa wa mwaka ule ulikuwa baina ya ujenzi na afya. Wa ujenzi walisema: bahari ikiwa juu, lazima maji ya mvua yawe na mahali pa kusubiri, kwa hiyo tuchimbe bwawa kwenye uwanja ambao watoto huchezea mpira. Wa afya wakakataa katakata. Maji yaliyotuama katikati ya mtaa, katika mji uliokwisha kupatwa na milipuko ya homa ya dengi? Siku mbili hawakusemezana. Sikuwapatanisha, na nafurahi sikuwapatanisha. Siku ya tatu msichana mmoja wa afya alileta hesabu ya mbu: kutoka yai hadi kuruka huchukua kama wiki moja au zaidi. Mvulana wa ujenzi akaleta hesabu ya mzee: kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6 hivi. Maana yake, maji hayahitaji kusubiri wiki. Yanahitaji kusubiri saa chache tu. Wakaushusha uwanja kidogo, kama beseni pana lisilo na kina, lenye mteremko unaoelekea mtaroni ili bahari ikishuka lote likauke. Watoto hupoteza mpira wao siku ya mvua kubwa, na kesho yake huurudia. Idara moja peke yake isingefika pale. Ujenzi wangetuletea bwawa la mbu, na afya wangetuletea bango.

Mdomo wa mtaro ulihitaji kitu kinachoruhusu maji kutoka na kuizuia bahari kuingia. Aliyetupa jawabu ni fundi wa mashua. Alitutengenezea kilango cha mbao chenye bawaba juu: maji ya mvua hukisukuma kikafunguka, bahari ikipanda hukibana. Ukingo aliuzungushia mpira wa gurudumu kuukuu, na palipobaki na nyufa akapatia kalafati, pamba ya kuzibia, kama afanyavyo kwenye mashua. Wanafunzi walisimama kumzunguka asubuhi nzima, na nilisikia mmoja akinong'ona kwamba hajawahi kuelewa nguvu ya msukumo wa maji mpaka siku ile.

Nikaenda chuoni kumwombea fundi malipo. Ikawa shida. Hakukuwa na fomu ya kumlipa mtu asiye na cheti kama mwalimu. Mwishowe alilipwa kwa jina la "nauli", kiasi kidogo, nami niliona haya kumkabidhi bahasha ile. Wazo la kumweka fundi darasani lina umri mrefu. Shule ya sanaa na ufundi ya Bauhaus ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, karakana zake ziliwekewa viongozi wawili wawili, msanii wa kufundisha umbo na fundi wa kufundisha mikono. Lakini hata kule mafundi hawakupewa hadhi iliyo sawa na ya wasanii. Miaka zaidi ya 100 imepita. Ukianzisha darasa hili, lipiganie jambo hili kabla ya kununua hata kalamu moja: fundi, mvuvi na mama wa mahamri wawekwe kwenye bajeti kama wakufunzi, kwa jina hilo na kwa kiwango hicho.

Alama nazo ni vita nyingine. Ukimpa kila mwanafunzi alama za idara yake, atarudi kwenye idara yake. Mimi sasa nusu ya alama ni za kundi zima, na robo ni za ukurasa mmoja ambapo kila mwanafunzi anaeleza ni jambo gani la fani ya mwenzake lililombadilishia mchoro. Robo iliyobaki hutolewa mtaani, barazani, mbele ya wakazi 6 wanaouliza maswali. Sijawahi kuona mtahini mkali kama wao. Mwaka jana mama mmoja alimuuliza mwanafunzi aliyechora ngazi nzuri mno: "Na mimi nikiwa na mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni, mkono wa kushikia ni upi?" Ngazi ilichorwa upya usiku ule.

Kila mwaka, wiki ya kwanza, nawapeleka wanafunzi Bamburi, kwenye Haller Park. Machimbo yale ya saruji yalikuwa jangwa la mawe ya matumbawe. Mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kuyafufua mwaka 1971, alipanda miti, na mvinje ndio uliokubali zaidi. Lakini majani ya mvinje hayaozi upesi, yakawa yanarundikana tu bila kuwa udongo. Walioitatua shida hiyo ni jongoo: walikula majani yale na kuyageuza mbolea. Nawaacha wanafunzi waketi chini ya miti hiyo kwa saa nzima bila simu, waandike tu wanachokiona kikila na kikiliwa. Wa biashara hulalamika mwanzoni. Baadaye huwa ndio wanaoandika mengi zaidi, maana wao wamezoea kufuata kitu kutoka mkono hadi mkono.

Tukiwa na nauli huteremka pia hadi Gazi, Kwale, ambako wakazi wanalinda mikoko yao na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, fedha zake zikasaidia maji na shule. Tulikwenda huko baada ya mchoro mmoja wetu kutaka kufyeka mikoko kupitisha mtaro. Hatukuifyeka.

Taka zilitushinda kwa muda mrefu kuliko maji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na kweli mifuko ilipungua, lakini chupa zilibaki, na chupa moja ikikwama kwenye kilango basi bahari inaingia kama zamani. Wanafunzi wa sanaa, wale waliokuwa wakisubiri ukuta, ndio walioketi na vijana wa maskani hadi wakatengeneza wavu wa kunasa taka unaonyanyuliwa na watu wawili. Wa biashara walitarajia vijana wapate pato kwa kuuza chupa kwa kilo. Hesabu haikutoka. Chupa zenye matope hazina bei, na hupatikana kwa wingi siku za mvua tu. Ikabidi nyumba zenyewe zikubaliane kuchanga kidogo kila mwezi, na mzee wa mtaa akashika daftari. Kuna miezi watu hawachangi, na mtu anayekuja na mchoro usio na daftari ndani yake bado hajamaliza mchoro.

Neno la mwisho kwa anayetaka kwenda mtaani: watu wamechoka kuandikwa. Siku yetu ya kwanza tulipokewa na swali, "Na nyinyi pia mwatuandika mwende zenu?" Sema wazi una shilingi ngapi, una wiki ngapi, na nini huwezi. Halafu rudi baada ya alama kutoka, wakati hakuna anayekupa cheti kwa kurudi. Mimi hurudi kila bamvua ya masika, nikaketi na mzee, tukakitazama kilango kikijifunga.

Darasa la mwaka huu litaanza mwezi ukiandama. Nimegombea mpaka kipindi chetu kikahamishwa hadi saa kumi jioni, na mzee ameniambia tusije na viatu vizuri.